Kamera Isiyosogea Karibu

Krrek. Kimya. Halafu tik.

Wening alifumbua jicho moja tu, la pili lilikataa. Alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani, mtoto kifuani, wala hakujua kama alikuwa analala au ananyonyesha, maana siku hizo mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja. Nje mvua ya mji wa Temanggung ilikuwa imekwisha, imebaki kudondoka kwenye majani ya migomba. Alidhani ni mjusi, kwa kuwa nyumba ile ina wale mijusi wakubwa wanaoita usiku. Lakini mjusi hasemi krrek, akangoja, ndipo akasema tik. Mjusi hana adabu ya kungoja.

Sauti ilitoka juu ya kabati.

Akamgeukia mumewe. Jatmiko alikuwa amelala chali, mdomo wazi, mikono yake yote miwili iko juu ya blanketi. Basi si yeye. Na kilichomwamsha Wening kabisa, kikamfumbua na lile jicho la pili, ni mtoto. Kinasih, aliyelia tangu isha mpaka sauti ikamkauka, alikuwa ameacha ziwa na kunyamaza, anatazama juu ya kabati, anacheka. Hata mwezi hajafikisha. Watu husema mtoto wa umri huo akicheka peke yake anachezeshwa na malaika, na Wening alitaka sana kuamini hivyo, apate kulala. Lakini malaika hawakai juu ya kabati.

Asubuhi alimwambia mumewe, akimwita Mas kama wake wa huko wawaitavyo waume zao, kwa sauti ya chini, huku akikamua nepi.

"Mas, kamera yako imejipiga usiku."

"Imejipiga?"

"Imejivuta, halafu ikajipiga. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Ning, wewe huna usingizi," alisema Jatmiko, akimshika bega. "Jana umetia chumvi kwenye chai ya Mama. Juzi umemfunga mtoto taulo la vyombo. Leo kamera inajipiga."

"Na ikijipiga ni heri," alidakia Bu Rusmi, mama yake Jatmiko, kutoka jikoni alikokuwa anakaanga tempe, vile vipande vya soya. "Maana mwenyewe anaipiga mara kumi tu, kisha siku nzima anaipangusa kama farasi."

Kamera yenyewe haikuwa yao bado. Ilikuwa ya Pak Darsono, fundi wa kamera mwenye kibanda kwenye uchochoro nyuma ya soko, naye alikuwa amempa Jatmiko aende nayo nyumbani mpaka siku ya selapan, ile siku ya thelathini na tano mtoto anaponyolewa nywele. "Kamera hii hainunuliwi kwa kutazamwa," alisema. "Kaa nayo kwanza. Ikikufaa tutaelewana, isipokufaa irudishe, hatugombani." Na Jatmiko, ambaye kazi yake ni kupiga picha za arusi, na mji umejaa wapiga picha za arusi wenye mashine zile zile na picha zile zile, alikuwa anaisema kamera ile ya filamu pana kama kijana aliyekwenda kuposa.

"Angalia negativu yake, Mama. Pana kama kiganja cha Asih wetu. Picha ukiikuza ukaitundika ukutani, unahesabu kope za bibi arusi moja moja."

"Bibi arusi gani anataka ahesabiwe kope?"

"Nyepesi, naweza kuivaa shingoni toka akdi mpaka karamu. Na haina kishindo. Ukifyatua hata paka haamki."

"Picha kumi mkanda mmoja!" alisema Bu Rusmi. "Bibi arusi akifumba macho mara kumi, utawapelekea watu picha za maiti? Na ile siku nilikwambia mpige mjukuu wangu uso tu, ujae wote, ukasema nini?"

Jatmiko alikuna kichwa. "Haisogei karibu, Mama. Kamera za namna hii zina mwisho wake. Ukiwa karibu zaidi ya hatua moja, lenzi inakataa, unapata ukungu tu."

"Kamera isiyoweza kumkaribia mjukuu wangu," Bu Rusmi alisema, akigeuza tempe. "Hiyo si ya nyumbani. Hiyo ni kamera ya jirani."

Wening alicheka na wao, lakini macho yake yalikuwa kwenye kidude kidogo cha juu ya kamera, kile kinachoonyesha umefika picha ya ngapi. Jatmiko alikuwa ametia mkanda mpya jana jioni mbele yake, kikasimama kwenye moja. Sasa kilisema mbili. Jatmiko naye alikiona. Akasema labda aliuvuta mkanda mwenyewe akasahau, akatoa betri, akaidondosha ndani ya kopo la sukari.

"Haya. Bila betri hii ni jiwe. Umeridhika?"

Hakuridhika, lakini alichoka, na mtu aliyechoka hukubali mengi.

Mchana jua lilitoka kidogo, ile saa ya kuanika. Bu Rusmi alikuwa kibarazani amempakata mtoto, na Jatmiko akamtia Wening kamera mikononi. "Hujawahi hata kuchungulia. Chungulia mara moja tu, utajua kwa nini naitaka."

Akamwelekeza. Katikati ya kidirisha kuna kidoa chepesi cha manjano, na ndani ya kidoa kila unachokitazama kina mwenzake, kivuli chake, kimesimama pembeni kidogo. Unazungusha pete ya lenzi taratibu, kivuli kinasogea, kinasogea, mpaka wawili wanakuwa mmoja. Wakiwa mmoja, picha itatoka safi.

Wening akazungusha. Nguzo ya kibaraza ilikuwa mbili, ikawa moja. Akaona raha, kweli akaona raha, kama kutia uzi kwenye tundu la sindano kwa mara ya kwanza. Bu Rusmi alikuwa wawili, akawa mmoja. Akashuka kwa mtoto. Kinasih alikuwa wawili, akazungusha, wakasogeleana, wakagusana mashavu, wakakataa. Akarudi nyuma, akazungusha tena, wakakataa. Ndipo mtoto akageuza kichwa kutafuta ziwa kwenye kifua cha bibi yake, kama wanavyofanya watoto wote, na yule wa pili, yule mwepesi wa manjano, hakugeuka, alibaki amemtazama Wening moja kwa moja kupitia kile kioo, macho yamekaza kama ya mtu mzima aliyeketi mahali pasipo pake na akaonekana, kisha polepole, kama aliyekumbushwa, naye akageuza kichwa.

Wening alishusha kamera.

"Mas. Yule wa pili anachelewa."

"Anachelewa?"

"Asih anageuka, yeye anageuka baadaye."

"Kioo cha ndani kimelegea," alisema Jatmiko. "Hizi zikigongwa kidogo tu kile kivuli hupotea njia. Pak Darsono atakaza."

"Na hicho cheusi kilicho mbele ni nini?" Bu Rusmi aliuliza kutoka kibarazani. "Jicho la kamera yako limefumba, au nimezeeka mimi?"

Jatmiko akaangalia. Kifuniko cha lenzi kilikuwa kimekaa mahali pake. Kwenye kamera hizi aibu hiyo haina mwenyewe, kila mwenye nayo imemfika, kwa sababu kidirisha ni jicho moja na lenzi ni jicho jingine, unaweza kuona dunia nzima vizuri na filamu haioni kitu. Polepole akakumbuka. Jana, wakati wa kumwogesha mtoto, amepiga mkanda mzima, picha zote kumi, akipiga magoti, akizunguka beseni, akiwaambia wasitikisike. Kifuniko hakukitoa hata mara moja.

Bu Rusmi alicheka mpaka mtoto akarukaruka mapajani mwake. "Mpiga picha wa giza! Waite maarusi!"

Usiku ule Jatmiko aliusafisha mkanda ule hivyo hivyo. Labda zile mbili za mwanzo kifuniko kilikuwa bado hakijawekwa, alisema, dawa ipo, haigharimu kitu kujaribu. Akajifungia bafuni, ambako ndiko chumba chake cha giza, akaziba mwanga chini ya mlango kwa taulo. Wening akiwa kitandani alisikia harufu ya dawa, ile kali kama siki, aliyokwisha kuizoea. Chini yake akasikia nyingine. Udongo. Udongo uliofukuliwa sasa hivi, wenye mvua ndani yake. Alijiambia ainuke akaangalie dirisha. Akajiambia tena. Na Kinasih hakulia usiku ule, hakuomba ziwa, hakujinyoosha, na mama yake aliyekuwa hajalala usiku mzima tangu azae akasema alhamdulillah na kuzama kama jiwe. Neno hilo lilimwuma baadaye. Kwamba alishukuru.

Palipokucha maziwa yalikuwa yamemjaa mpaka yanauma. Jatmiko alikuwa bafuni amesimama, hajalala. Filamu ilining'inia kwenye kamba ya nguo kwa vibanio.

"Ning, njoo. Polepole. Mama asisikie."

Filamu iliyofunikwa lenzi hutoka nyeupe, tupu kama maji. Hii haikuwa tupu. Alikuwa amekwisha kuzichapa ndogo ndogo, akazipanga kwenye jiwe la kufulia, za mwisho zikiwa bado zimelowa.

Ya kwanza ilikuwa giza lenye matundu madogo ya mwanga, kama anavyoona aliyelala chini ya tenga akatazama juu. Iliyofuata ilikuwa tenga lenyewe kwa nje, lile la mianzi lililoko kushoto kwa mlango wao, kutoka chini, chini kabisa. Ngazi ya mlango. Mlango. Miguu ya viti sebuleni, mirefu kama miti, kutoka kimo cha mtoto anayetambaa. Pazia la chumba chao. Chini ya kitanda. Ukingo wa kitanda. Yeye mwenyewe, Wening, amelala ameketi, kifua wazi, mdomo umelegea kwa uchovu, na hakuwahi kujiona amechoka namna ile, alionekana kama mtu ambaye ungeweza kumchukulia chochote na asijue. Na ya mwisho ilikuwa uso wa Kinasih. Uso tu, umejaa picha nzima ukingo hadi ukingo, safi, unahesabu kope, anacheka, na ndani ya mboni zake, pale ambapo ungemwona aliyeinama juu yake, hapakuwa na mtu, palikuwa na matundu madogo ya mwanga.

"Lenzi hii haisogei hapo," Jatmiko alinong'ona.

"Najua."

"Haiwezi, Ning. Haijatengenezwa hivyo."

"Mas, najua!"

"Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuona maishani mwangu." Aliigusa kwa ncha ya kidole, na macho yake yaling'aa, na hapo ndipo Wening alipoogopa kwelikweli, kuliko alivyoogopa picha. "Leo naenda kwa Pak Darsono. Namwambia naichukua."

Hakwenda, kwa sababu Mbah Karsinah alifika. Ilikuwa siku yake ya kumkanda mtoto. Bibi huyu amewakanda watoto wote wa mtaa ule, akiwemo Jatmiko mwenyewe, na huwa anaanza na matusi ya mzaha: mtoto ana pua ya baba yake, maskini, atapata mume wapi. Alinyoosha miguu mkekani, akamlaza Kinasih juu yake, akapaka mafuta ya nazi yaliyopondewa vitunguu, akaanza kwenye nyayo. Hakutukana. Alipanda mpaka magotini, akasimama.

"Nduk, binti yangu, mtoto huyu usiku amelia?"

"Hakulia, Mbah."

"Amenyonya?"

"Tangu jana jioni hajanyonya. Nilidhani..." Alidhani nini? Alidhani amepewa mapumziko.

"Mwepesi," alisema Mbah Karsinah. "Nimekanda watoto wagonjwa, nimekanda watoto wa njaa. Huyu si hivyo. Huyu ni kama nakanda nguo, na ndani yake mtoto amebaki kidogo."

Bu Rusmi aliacha upawa wake. Bibi aliinuka kwa shida, akatoka nje, akaenda kushoto kwa mlango, mahali ambapo lilizikwa kondo la nyuma la Kinasih ndani ya chungu, kushoto kwa kuwa ni mtoto wa kike, na juu yake tenga la mianzi limefunikwa, na ndani ya tenga taa ndogo ya umeme. Kila mtu pale hufanya hivyo. Kondo ni mdogo wake mtoto, kwa kuwa hutoka baada yake, na mdogo wake huwashiwa taa usiku na mchana mpaka selapan. Taa ilikuwa inawaka. Balbu nyekundu, maana dukani siku ile hazikuwepo nyingine.

"Taa hii imewahi kulala?"

"Haijalala!" alisema Bu Rusmi. "Niliiwasha kwa mkono wangu. Mchana naikagua, jioni naikagua."

"Sikuuliza mchana na jioni."

Jatmiko alikuwa anatazama miguu yake. "Usiku tu," alisema mwishowe. "Saa chache. Yangu ya kuchapia picha iliungua, na hii ni nyekundu, na huwezi kuchapa bila taa nyekundu. Huwa naichomoa Mama akishalala. Nairudisha kabla ya alfajiri."

"Tangu lini?"

"Tangu niilete kamera."

Bu Rusmi alitoa sauti moja tu, kama mtu aliyeungua na mafuta. Mbah Karsinah alichuchumaa karibu na tenga akasema taratibu, bila hasira, na ingekuwa afadhali angekasirika. "Mwanangu, ulidhani taa ni ya huyu aliyezikwa? Huyu haogopi giza. Taa ni ya wapitao. Waone kwamba nyumba hii ndogo ina mwenyewe. Ukaizima. Akapita mmoja, akaona pango tupu lenye njia mpaka kwa mtoto, akaingia. Na wewe ukampa na jicho la kutembelea."

"Ni nani, Mbah?" Wening alinong'ona.

"Jini. Jina lake usilitake. Hilo jicho lilete hapa."

Wening aliingia ndani. Alipopita jikoni alifungua kopo la sukari, betri ilikuwa pale pale. Akaichukua kamera juu ya kabati. Ilikuwa na joto, si joto la jua, joto la paji la uso la mtoto mwenye homa. Akaitazama namba.

"Tisa," alisema alipotoka. "Hakuna aliyeigusa, na iko tisa."

"Baada ya kumi?" aliuliza bibi.

"Mkanda unakuwa umeisha," alisema Jatmiko.

"Na yeye anakuwa amemaliza kumchukua." Mbah Karsinah aliinuka. "Ifunguliwe hapa juani. Mwanga uingie kila mahali alipokaa. Aifungue anayenyonyesha, si mwingine. Na akishatoka asitajwe. Mnanisikia? Jini anayetajwa amepewa njia. Si kwa jirani, si kwa dada yako, si kwa mtu."

"Sawa," alisema Jatmiko, na papo hapo akainyakua kamera mikononi mwa mkewe. "Lakini kwanza nizisafishe hizi tisa. Giza la dakika chache tu, Ning, halafu ifungueni mtakavyo. Ukizipiga jua zimekufa zote. Hakuna mtu duniani aliyewahi kupiga..."

"Hukuzipiga wewe!" Wening alilia.

"Naomba hizi tisa tu."

"Mas Jat." Alimsogelea. Hakuwa na nguvu za kupigana, hakuwa na nguvu za chochote, maziwa yalikuwa yanamvuja yakilowesha nguo na hapakuwa na mtu wa kuyanywa. "Asih ni nini kwako? Ni bibi arusi? Ni kope? Nisikilize. Mle ndani wewe unaona picha tisa. Mimi naona vipande tisa vya mwanangu. Nipe."

Hakutoa. Bali vidole vyake vililegea, na hiyo ilitosha.

Wening akaivuta kifuani, akapiga magoti mbele ya tenga, na nyuma yake akamsikia Mbah Karsinah ameanza Ayatul Kursi, naye akaifuata kwa midomo iliyokauka huku dole gumba likitafuta kile kifungo cha kufungulia mgongo wa kamera, na harufu ikapanda, ule udongo wa kufukuliwa, ukamjaa puani na kooni kama vile yeye ndiye anayezikwa, na dole halioni kifungo, na jua lipo lakini halina joto, na ndipo chini ya mkono wake mwingine ule mkono mdogo wa kuvutia filamu ukaanza kwenda wenyewe, taratibu, bila haraka, krrek, ukafika mwisho wake, na akajua kumi imewadia, akajua baada ya krrek hungoja, ana adabu ya kungoja, na baada ya kungoja ni tik, na lenzi imeelekea kibarazani alipo mtoto, akaigeuza akaikandamiza juu ya ziwa lake mwenyewe, akasema kama unataka wa kuchukua nichukue mimi, mimi nimekwisha choka, na ukucha ukapata kifungo, ukavunjika, na mgongo wa kamera ukafunguka.

Mwanga uliingia. Alivuta filamu yote ikatoka ndefu ikijikunja, ikawa ya kijivu machoni pake.

Ndipo chini ya tenga, ndani ya udongo, mtoto akalia.

Ilikuwa sauti ya Kinasih. Hakuna mama asiyejua. Na kibarazani Kinasih mwenyewe alikuwa mikononi mwa bibi yake, kinywa wazi kabisa, uso mwekundu, machozi yanatoka, na hana sauti hata kidogo. Ilidumu kadiri ya pumzi moja ndefu. Kisha ardhi ikanyamaza, na kibaraza kikapasuka kwa kilio, na Wening akatambaa, hakuinuka, alitambaa mpaka kwa mwanawe akampa ziwa, na mtoto akalishika kama mwenye kisasi, na akawa mzito, mzito, uzito mtamu mno mkononi.

Jatmiko alikuwa amekaa chini kando ya filamu iliyokufa. Alikuwa analia, na Wening hakumwuliza analilia nini. Aliogopa jibu.

Selapan ilifika, mtoto akanyolewa, majirani wakala uji wa wali wa rangi mbili na kusema mtoto amenenepa. Taa haikuguswa tena. Siku ya pili yake walikwenda wote watatu kurudisha kamera, Wening akiwa amemfunga Kinasih kwa kitambaa kifuani, maana hakumwachia mtu siku hizo.

Pak Darsono aliitazama, akapuliza vumbi lisilokuwepo. "Haikufaa?"

"Inafaa," alisema Jatmiko kwa sauti ndogo. "Haitufai sisi."

Ndani ya kibanda walikuwamo vijana wawili, mume na mke. Mume aliiona kamera tu, akaacha aliyokuwa anayasema. "Hii ndiyo ile? Naweza kuishika, Pak?" Mkewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono kiunoni, tumbo limemfika magotini. Alimtazama Wening kama wanawake wanavyotazamana waume zao wakiwa dukani.

"Dada, nyie mmekaa nayo," alisema. "Niambie ukweli wako. Inafaa kununua? Huyu haongei kingine hata akiota."

Wening alimtazama Jatmiko. Jatmiko alitazama sakafu.

"Ina negativu pana," Wening alisema. "Nyepesi. Haina kishindo. Ila picha ni chache, na haisogei karibu."

"Basi? Hapo ndipo ubaya wake ulipo?"

Angenyamaza. Alikuwa ameapa moyoni kutomtaja aliyetoka, na aliyeapiwa, mwanawe, alikuwa amelala kifuani pake akihema. Lakini lile tumbo lilisogea ndani ya gauni, teke dogo, na Wening akainama upesi kama anayeokota kitu, akasema sikioni mwa yule mwanamke:

"Utakapozaa, taa ya kondo isizimwe. Hata saa moja. Hata mumeo akiomba nini."

"Kwa nini?" Mzaha ulikuwa umemwisha. "Dada, kwa nini?"

"Isizimwe tu."

Juu ya meza, ndani ya mkoba wake uliofungwa, kamera haikuwa na filamu. Haikuwa na betri pia, Wening alijua betri ilipo, ilikuwa mfukoni mwake, alikuwa amesahau kuirudisha, na vidole vyake vilikuwa vimeishika.

Krrek.

Pak Darsono aliinua kichwa, akatazama darini, akasema mijusi wa mwaka huu hawana aibu, wanaita mchana. Wale vijana wakacheka. Kifuani pa Wening mtoto alikuwa ameamka. Alikuwa amegeuza shingo kuelekea mezani, ananyamaza, anatazama, na polepole, kama aliyekumbushwa, akaanza kucheka.

Wening alimfunika uso kwa kitambaa, kwa mikono yote miwili. Akaubandika mdomo wake karibu na mkoba ule, karibu kuliko hatua moja, karibu kuliko inavyowezekana, wala hakujali nani anamwona. Sauti ya pili ilikuwa haijaja. Ilikuwa inangoja.

"Nimekoma," alinong'ona. "Mwache. Nimekoma. Sitamwambia mtu mwingine."